Sura ya Tano: Debe la Mahindi na Sheria ya Nchi

Iringa haina njaa. Mahindi ya Kilolo na Mufindi, mpunga wa Pawaga, nyanya za Ilula na viazi vya maeneo ya baridi hupakiwa kwenye malori kila msimu na kuteremka mlima wa Kitonga kuelekea Dar es Salaam. Mbeya nayo haijambo. Mchele wa Kyela na Mbarali una jina katika kila soko la nchi, na Rungwe ina ndizi, maziwa na parachichi za kuuza na kubakiza. Lakini Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulipopima watoto wenye umri chini ya miaka mitano, Iringa iliongoza Tanzania kwa udumavu, kwa asilimia 57. Njombe na Rukwa zikafuata, kila mkoa ukiwa na takribani nusu ya watoto wake waliodumaa. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30.

Linaloumiza zaidi ni mwelekeo wa takwimu hizo. Utafiti wa 2015/16 uliikuta Iringa kwenye asilimia 42. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa 2018 ukaikuta kwenye 47. Katika muda huo huo wastani wa nchi ulikuwa ukishuka, kutoka 34 hadi 32, kisha 30. Wenzao walipokuwa wakipanda ngazi, watoto wa Iringa, ghala la taifa, walikuwa wakishuka.

Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye kimo chake hakilingani na umri wake. Si lazima awe amekonda, wala si lazima aonekane mgonjwa. Anacheza, anacheka, anatumwa dukani. Akiwa kati ya wenzake waliodumaa pia, hakuna wa kumlinganisha naye, na mama yake atakuambia kwa moyo mmoja kwamba ukoo wao ni wa watu wafupi. Hasara yake huonekana baadaye, darasani na kazini, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapofikisha miaka miwili.

Je, sheria inaweza kufanya nini mbele ya jambo kama hili? Tanzania haina uhaba wa maandiko ya kisheria kuhusu chakula, shule na tiba. Hoja ya sura hii ni kwamba maandiko hayo yana nguvu pale yalipo mbali na sahani ya mtoto, na hulegea kadiri yanavyoikaribia. Sheria iliyo karibu kuliko zote, yaani sheria ndogo ya kijiji, ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote.

Mahindi kwanza, lishe baadaye

Mwezi Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichotawala wakati huo, ilikutana Iringa na kutoa azimio lililojulikana kwa jina la Siasa ni Kilimo. Mwaka uliofuata, Bunge lilipitisha Sheria Namba 24 ya 1973 iliyounda Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ikapewa kazi ya kutafiti, kushauri na kuelimisha umma. Maamuzi hayo mawili yalizaliwa karibu pamoja, lakini hayakukua sawa.

Kilimo kilipewa fedha na bei. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 mbolea ya ruzuku ilifika nyanda za juu za kusini, na serikali ikanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Rukwa au Mbeya alilipwa sawa na wa Morogoro, gharama ya lori ikabebwa na taifa. Kwa mkulima wa mbali na soko hiyo ilikuwa neema. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikaitwa mikoa minne mikubwa ya chakula. Hindi likawa chakula na fedha kwa wakati mmoja, na mashamba yakapanuka kuliko mikono iliyokuwepo ya kuyalima.

Lishe ilipewa ofisi na ushauri. Ushauri ni kitu chema, ila haushindani na bei. Kaya yenye magunia ghalani ilihesabiwa kuwa imeshiba, na hakuna aliyeuliza mtoto wa miezi minane anakula mara ngapi wakati mama yake yuko shambani tangu alfajiri. Msimu wa kupalilia, mtoto huachwa na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji mwepesi wa sembe. Tumbo lake dogo hujaa maji kabla halijapata nguvu. Ndivyo ghala linavyoweza kufurika na kimo kikabaki pale pale.

Mizani katika mkutano wa kijiji

Iringa hii hii iliwahi kuufundisha ulimwengu. Mwishoni mwa 1983 ulianza mpango wa lishe ulioendeshwa na serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulifika vijiji 168, wakati huo mkoa ukijumuisha pia eneo ambalo leo ni mkoa wa Njombe. Kila baada ya miezi mitatu watoto wote wa kijiji wenye umri chini ya miaka mitano walipimwa uzito siku moja. Kadi ilikuwa na rangi: kijani ni salama, kijivu ni tahadhari, nyekundu ni hatari.

Mizani yenyewe haikuwa ngeni, kwani zahanati zilikuwa zikipima watoto tangu zamani. Jipya lilikuwa mahali majibu yalipopelekwa. Yalisomwa kwanza kijijini kwenyewe, mbele ya halmashauri ya kijiji na wananchi, kabla ya kupanda wilayani. Kijiji kiliulizana: wangapi wako kwenye nyekundu, kwa nini, na tutafanya nini kabla ya kupima tena? Wataalamu waliuita mzunguko huo tathmini, uchambuzi na utekelezaji. Kijiji kimoja kiliona shida ni watoto kukosa wa kuwalisha mchana, kikaanzisha mahali pa kuwalea pamoja. Kingine kiliona shida ni uji mwepesi, akina mama wakafundishwa kutia kimea cha ulezi, ambacho hufanya uji mzito ulainike ili mtoto anywe chakula na si maji.

Kufikia 1988, watoto wenye uzito pungufu katika maeneo hayo walikuwa wameshuka kutoka zaidi ya nusu hadi chini ya asilimia 40, na wale wenye utapiamlo mkali kutoka asilimia 6 hadi karibu 2. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mchoro wake wa visababishi vya utapiamlo, unaoanzia kwenye chakula na maradhi, ukashuka hadi malezi na huduma, na kuishia kwenye mgawanyo wa mali na madaraka, mawazo yake mengi yalikuwa yametoka Iringa.

Hakuna sheria mpya ya Bunge iliyotungwa kwa ajili ya mpango huo. Ulitumia iliyokuwepo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 ilikwisha kukipa kijiji halmashauri yake, mkutano mkuu wake, na uwezo wa kutunga sheria ndogo kwa idhini ya wilaya. Mpango uliweka takwimu mikononi mwa chombo ambacho tayari kilikuwa na madaraka. Wafadhili walipopungua na wahudumu wa afya wa vijiji wakabaki bila posho, madaraka yalibaki na takwimu zikaondoka. Mikutano ikarudi kujadili barabara na mipaka ya mashamba.

Chumvi ilifika, unga ukakwama

Kuna mahali ambapo sheria ya nchi imefika mpaka jikoni, na ni vizuri kuona ilifikaje. Katika nyanda za juu za kusini rovu lilikuwa jambo la kawaida, kwa sababu udongo wa milimani hauna madini joto ya kutosha na mazao yake hayana pia. Miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni zilizolazimisha chumvi yote ya kuliwa itiwe madini hayo. Miongoni mwa watoto wa shule nchini, rovu lilishuka kutoka kiasi cha asilimia 25 miaka ya 1980 hadi asilimia 7 mwaka 2004.

Kanuni hiyo ilifanikiwa kwa sababu hakuna mtu wa Makete wala wa Tukuyu anayejitengenezea chumvi. Chumvi hutoka pwani au Uvinza, hupita kwa wazalishaji na wafanyabiashara wanaojulikana, na mkaguzi anajua mlango wa kusimama.

Mwaka 2011 serikali ilitaka kurudia ushindi huo kwa kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Kwa ngano na mafuta njia ilikuwa ile ile, maana viwanda ni vichache na vikubwa. Mahindi yana mwendo mwingine. Mkulima wa Mufindi hanunui unga. Anabeba debe lake hadi mashine ya kijijini, linakobolewa, linasagwa, anarudi nalo nyumbani. Kukoboa kunaondoa pumba na kiini, sehemu zenye vitamini na madini mengi zaidi, na sembe nyeupe inayobaki ni wanga karibu mtupu. Mashine hizo zimetapakaa kila kitongoji. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamishwa kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa kwenda Shirika la Viwango, mkaguzi alibadilika lakini umbali kutoka ofisini kwake hadi kitongojini haukupungua.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Mahindi yaliyolimwa Iringa na kusagwa kwenye kiwanda kikubwa cha mjini yanaweza kumfikia mtoto wa Dar es Salaam yakiwa na madini chuma na asidi ya foliki, na mtoto wa aliyeyalima akala sembe tupu. Kinachoweza kumfikia huyu wa pili si kanuni ya kiwandani. Ni dona badala ya sembe, maharage na dagaa kwenye sahani yake, mboga za majani zisizopikwa mpaka zikafa, na yai ambalo halikuuzwa lote gulioni. Haya ni mambo ya elimu na ya maamuzi ya nyumbani, na hapo ndipo shule inapoingia.

Sufuria la shule

Elimu ya Kujitegemea ya 1967 iliipa kila shule shamba, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikamlazimu mzazi kumwandikisha na kumhudhurisha mtoto shuleni. Kuhusu atakachokula akiwa huko, maelezo yamekuja kwa nyaraka na miongozo, na hizo hazina uzito wa sheria.

Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Serikali ilibeba chakula cha wanafunzi wa bweni, na cha wanafunzi wa kutwa kikabaki kwa mzazi. Wazazi wengi walisikia neno moja tu, bure, wakaacha kuchangia hata debe la mahindi. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango shuleni na kuagiza kwamba mzazi anayetaka kuchangia apeleke mchango wake kwa mkurugenzi wa halmashauri. Nia ilikuwa kumlinda mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa fedha. Lakini mwalimu mkuu ambaye jana aliandika orodha ya madebe, leo alijiuliza kama orodha hiyo haitamfukuzisha kazi. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi wa elimumsingi, wa mwaka 2020, ulikuja kunyoosha mambo: chakula kitolewe, jamii ishirikishwe, shule iwe na bustani na mahali safi pa kupikia, na mtoto ajifunze lishe kwa kuila.

Mwongozo unashauri, haushurutishi. Mahali ambapo kande inaiva kila siku, mara nyingi utakuta hatua zile zile. Wazazi wamekutana, kamati ya shule imepiga hesabu ya mahindi, maharage, kuni na ujira wa mpishi, mkutano mkuu wa kijiji umekubali, na makubaliano yameandikwa kuwa sheria ndogo iliyoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Baada ya mavuno, mtendaji wa kijiji anapita kukusanya. Anayekaidi ana faini. Hapo debe la mahindi limekuwa sheria, na mwalimu amerudi kufundisha.

Sheria ndogo nayo ina meno yanayoweza kumuuma asiyestahili. Bibi anayelea wajukuu wanne hana debe la kutoa. Mahali pengine mtoto wa asiyechangia husimama pembeni wenzake wakila, na hiyo ni adhabu anayopewa mtu ambaye hakukosa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataja chakula miongoni mwa haki ambazo mzazi au mlezi lazima azitimize. Haimpi mtu yeyote ruhusa ya kumnyima mtoto sahani ili kumfundisha adabu baba yake. Sheria ndogo iliyoandikwa vizuri humdai mzazi nje ya foleni ya chakula, na huweka wazi tangu mwanzo ni kaya zipi zitasamehewa na nani atajazia pengo.

Brazili ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya 2009 ilifanya chakula cha shule kuwa haki ya mwanafunzi wa shule za umma, na ikaagiza angalau asilimia 30 ya fedha za taifa za chakula hicho zitumike kununua kwa wakulima wadogo. Fikiria sharti kama hilo katika mkoa unaolima kila kitu sufuria linachohitaji.

Kuna watakaosema shule imechelewa, kwa kuwa udumavu huanza tumboni. Ni kweli, lakini msichana wa darasa la sita ni mama wa miaka michache ijayo. Damu yake ikiwa pungufu leo, atabeba mimba na upungufu huo. Na tangu Waraka Namba 2 wa 2021 uliporuhusu waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua, kurudi shuleni, baadhi ya wanafunzi wana watoto nyumbani tayari. Somo la lishe kwao halihusu mtihani peke yake.

Kutibu na kupima

Nchini Tanzania mtoto anapodhoofika, majirani wanaweza kunong'ona kwamba amebemendwa, yaani wazazi wamevunja mwiko wa kukutana wakati wa kunyonyesha. Nong'ono hiyo humfanya mama aone haya kwenda kliniki. Anamtafuta mganga, au anamsikiliza muuza virutubisho mwenye kipaza sauti sokoni anayejiita daktari.

Kwa hiyo leseni si suala la makaratasi. Nchi ina Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, na Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya 2017, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni. Sheria ya 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ili waganga nao wasajiliwe. Kwa sheria hizo, jina la daktari si la kujipachika. Kenya ilitunga mwaka 2007 sheria mahsusi kwa wataalamu wa lishe, ikaunda chombo cha kuwasajili na kuwapa leseni, hivyo anayempangia mgonjwa wa kisukari chakula anaweza kuulizwa amesomea wapi.

Historia yetu inaonya pia dhidi ya kufunga milango kupita kiasi. Sheria ya 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za biashara, marufuku iliyolegezwa mwaka 1991. Kwa miaka yote hiyo, hospitali za misheni kama Tosamaganga ziliendelea kuwahudumia watu wa nyanda za juu kwa sababu sheria iliziachia nafasi. Mhudumu wa afya wa kijiji katika mpango wa Iringa hakuwa na shahada. Alikuwa na mafunzo ya miezi kadhaa, mizani, na majirani waliomwamini.

Mpaka unaofaa ni huu: kutibu kuwe kwa leseni, kupima kuwe kwa wote. Mtoto mwenye utapiamlo mkali aende kwa mtaalamu aliyesajiliwa, bila kupitia sokoni. Lakini kumlaza mtoto kwenye ubao wa kupimia urefu na kusoma namba ni kazi ambayo kijana yeyote makini wa kijijini anaweza kuifanya akifundishwa. Na urefu ndio unaohitajika sasa. Mizani huona ukondefu, ila inaweza kumpitisha mtoto aliyedumaa kwenye rangi ya kijani, kwa kuwa mtoto mfupi anaweza kuwa na uzito unaoridhisha.

Mkataba uteremke

Desemba 2017, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, alisimamia kutiwa saini kwa mkataba wa lishe na wakuu wa mikoa. Septemba 2022, akiwa Rais, alisaini nao mkataba mpya. Kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano, na vijiji vinatakiwa kuwa na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila robo mwaka. Miezi ile ile mitatu ya Iringa imerudi.

Imerudi ikiwa imepinduliwa, hata hivyo. Katika mkataba, mkuu wa mkoa anajibu kwa Rais, mkuu wa wilaya anajibu kwa mkuu wa mkoa, na takwimu hupanda ngazi hizo hadi zigeuke rangi kwenye kadi ya alama. Mzazi aliyembeba mtoto hadi kwenye mizani hayumo kati ya wanaojibiwa. Viongozi wanashindana kupandisha alama, na alama hupanda kwa fedha kutumika na siku kuadhimishwa, hata kama kimo cha watoto hakijasogea.

Sheria ya 1982 bado ipo, na inatosha kuanzia. Mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuamua kwamba ajenda ya kwanza ya kila robo mwaka ni idadi ya watoto waliopimwa urefu na uzito, na idadi ya waliodumaa, bila kutaja majina ya watu hadharani. Unaweza kupitisha sheria ndogo ya sufuria la shule inayomlinda mtoto wa asiye na kitu. Unaweza kupanga mahali pa kulelea watoto msimu wa palizi, ili mtoto wa mwaka mmoja asilishwe na mtoto wa miaka saba. Bunge na wizara zibebe yale ambayo kijiji hakiwezi: ukaguzi wa chumvi na unga wa viwandani, leseni za wanaotibu, na fedha ya kumlipa mhudumu wa afya ili asikimbilie kibarua kingine.

Mahindi ya nyanda za juu yalipata mnunuzi, bei na lori kwa sababu serikali iliamua hivyo kwa maandishi na kwa fedha. Kimo cha mtoto kinahitaji uamuzi wa namna hiyo, ukianzia kwa wanaoishi naye. Kijiji kikipewa takwimu zake kitajua la kufanya kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Zikipelekwa juu peke yake, zitarudi baada ya miaka kadhaa zikiwa asilimia kwenye ripoti ya utafiti, na watoto waliohesabiwa humo watakuwa wamekwisha kupitwa na umri wa kuokolewa.